Pankaj Advani, bingwa wa biliadi na snuka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jina la Pankaj Advani likitajwa, maswali huwa ni yaleyale: mataji yake yanahesabiwaje, kwa nini aliacha kucheza kwa malipo, na ilikuwaje mtu mmoja akawa bingwa wa dunia katika michezo miwili. Majibu yafuatayo yanafika hadi mashindano ya mwaka 2025. Pale ambapo jambo limeshaelezwa kwingine, utaelekezwa kwenye swali husika.

## Mambo ya msingi

Pankaj Advani ni nani?

Ni mchezaji wa India aliyezaliwa Pune tarehe 24 Julai 1985 na kukulia Bengaluru. Hadi Novemba 2024 alikuwa ametwaa mataji 28 ya dunia katika biliadi na snuka, idadi ambayo hakuna mchezaji wa ridhaa wa michezo hii aliyeifikia.

Idadi hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye vichwa vya habari, lakini mimi huvutiwa zaidi na kitu kingine. Mabingwa wengi huchagua mchezo mmoja wakiwa vijana na kuufia huo. Advani amekuwa bingwa wa dunia wa biliadi na bingwa wa dunia wa snuka, akahama kutoka mmoja kwenda mwingine na kurudi, mara nyingine ndani ya mwezi mmoja, kwa zaidi ya miaka ishirini. Ugumu wa kuhama huko umeelezwa kwenye swali la "Kwa nini ni vigumu kucheza vyote viwili?"

Biliadi na snuka si mchezo mmoja?

Hapana, ingawa meza ni ileile: urefu futi 12, upana futi 6, mashimo sita. Ni kubwa kuliko meza za pool ambazo wengi wamezizoea, na mashimo yake ni membamba na yenye midomo ya mviringo, kwa hiyo mpira uliopigwa ovyo hutoka.

Biliadi ya Kiingereza ina mipira mitatu tu: mweupe, wa njano na mwekundu. Mchezaji mmoja hupigia mweupe, mwenzake hupigia wa njano, na mwekundu ni wa wote. Pointi hupatikana kwa njia tatu. Ukitumbukiza mwekundu unapata 3, ukitumbukiza mpira wa mpinzani unapata 2. Mpira wako ukigusa mipira yote miwili kwa pigo moja, pigo ambalo wachezaji huliita kanoni, unapata 2. Na mpira wako wenyewe ukigonga mwingine kisha ukaingia shimoni, unapata 3 kama ulianza kugonga mwekundu, au 2 kama ulianza kugonga wa mpinzani. Jambo ambalo katika snuka ni kosa, katika biliadi ni pointi.

Snuka ina mipira 22: myekundu 15, mmoja mweupe wa kupigia, na sita ya rangi. Ya rangi ina thamani zake: njano 2, kijani 3, kahawia 4, buluu 5, waridi 6, mweusi 7. Unatumbukiza mwekundu, halafu wa rangi, halafu mwekundu tena, hadi meza iishe. Ukichukua mweusi baada ya kila mwekundu kisha ukamaliza rangi zote, unafika 147.

"Mchezaji wa ridhaa" maana yake ni nini hapa?

Si mchezaji wa kujifurahisha jioni. Katika snuka, mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye nafasi rasmi kwenye mzunguko wa mashindano ya kulipwa, ule wenye kina Ronnie O'Sullivan na Judd Trump. Asiye na nafasi hiyo anahesabiwa kuwa wa ridhaa, hata kama anafanya mazoezi kutwa nzima na hana kazi nyingine ya maana.

Mashindano ya dunia ya wachezaji wa ridhaa husimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Biliadi na Snuka, IBSF. Taji lao la snuka lilianza kugombewa mwaka 1963 mjini Calcutta, na waliolitwaa kisha wakawa wakubwa katika snuka ya kulipwa ni wengi: Jimmy White mwaka 1980, James Wattana 1988, Ken Doherty 1989, Stuart Bingham 1996, Marco Fu 1997, Mark Allen 2004. Wengi walilichukua, wakavuka, hawakurudi. Advani alivuka na akarudi, na hapo ndipo maswali mengi huanzia.

## Alivyoanza

Aliingiaje kwenye mchezo huu?

Miaka yake ya kwanza aliishi Kuwait na wazazi wake. Vita vya Ghuba vilipozuka familia ikarejea India na kuhamia Bengaluru. Baba yake alifariki Pankaj akiwa bado mtoto mdogo, na mama yake ndiye aliyewalea yeye na kaka yake, Shree.

Shree ndiye aliyemtangulia kwenye meza. Mdogo mtu alikuwa akimfuata kaka yake kwenye ukumbi wa snuka, akitazama, hadi siku alipopewa fimbo ashike. Alikuwa na umri wa miaka kama kumi. Baadaye Shree alisomea saikolojia ya michezo na akabaki karibu na ndugu yake katika maandalizi yake, jambo ambalo watu hulipitia haraka mno wanaposimulia habari za bingwa huyu.

Nani alimfundisha?

Arvind Savur, aliyewahi kuwa bingwa wa taifa wa snuka nchini India. Mazoezi yalifanyika katika Chama cha Biliadi cha Jimbo la Karnataka mjini Bengaluru. Chama hicho kilimpa kitu ambacho kijana wa mahali pengine pengi hakipati: meza bora, wazee wa mchezo walio tayari kumrekebisha, na ukumbi ambamo biliadi na snuka huchezwa bega kwa bega. Naamini jambo hilo la mwisho lina uzito mkubwa. Kwa mtoto wa huko, kujifunza michezo yote miwili hakukuwa ajabu.

Alianza kujulikana lini?

Mwaka 2003. Alitwaa ubingwa wa taifa wa snuka, kisha mwaka huohuo akaenda Jiangmen, China, na kuwa bingwa wa dunia wa snuka ya ridhaa akiwa na miaka 18. Kwenye fainali alimshinda Saleh Mohammad wa Pakistan. India ilikuwa haijapata bingwa wa dunia wa snuka tangu Om Agrawal aliposhinda Dublin mwaka 1984.

Kumbuka kwamba taji hili la kwanza lilikuwa la snuka. Wanaomjua kwa biliadi pekee hushangaa wakilisikia.

## Mataji na namna yanavyohesabiwa

Ana mataji mangapi ya dunia hasa?

Ni 28, kuanzia lile la 2003 hadi lile alilotwaa Doha mnamo Novemba 2024 alipomshinda Mwingereza Robert Hall michezo 4 kwa 2.

Utata hutokana na kile kinachohesabiwa. Ndani ya 28 hizo kuna mataji matatu ya snuka ya kawaida ya mipira 15 myekundu (2003, 2015 na 2017), matatu ya snuka ya mipira sita myekundu (2014, 2015 na 2021), na matatu ya timu (2014, 2018 na 2019). Yaliyobaki, 19, ni ya biliadi ya mchezaji mmojammoja. Katika hayo 19 yamo pia mataji ya Leeds ambayo hayakuandaliwa kama mashindano ya ridhaa. Kwa hiyo anayeandika "mataji 28 ya ridhaa" amekosea kidogo, na anayeondoa ya timu atapata 25. Mimi naona idadi ya 28 ni halali maadamu inaitwa mataji ya dunia, bila kuongezwa neno.

Kwa nini biliadi ina mataji mawili ya dunia kwa mwaka mmoja?

Kwa sababu huchezwa kwa mitindo miwili. Wa kwanza ni wa pointi: anayetangulia kufika 150 anachukua mchezo mmoja, na mechi huwa na michezo kadhaa. Wa pili ni wa muda: saa huwekwa, na muda ukiisha mwenye pointi nyingi ndiye mshindi. Ndiyo maana matokeo ya mtindo wa kwanza huandikwa kama 4–2, na ya wa pili kama 2030–1253.

Mitindo hii inahitaji tabia tofauti. Kwenye ule wa pointi, kosa moja linaweza kukugharimu mchezo mzima kabla hujaketi. Kwenye ule wa muda, unaweza kukaa kitini nusu saa ukimtazama mwenzako akipiga, halafu ukatakiwa kusimama na mkono uliopoa na kuanza kama vile hukungoja.

Advani alichukua yote mawili kwa mpigo mjini Qawra, Malta, mwaka 2005, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mtu yeyote. Akalirudia Bengaluru mwaka 2008, Leeds mwaka 2014 na Yangon mwaka 2018.

Kuna mwingine aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa ridhaa katika michezo yote miwili?

Yupo mmoja aliyemtangulia: Paul Mifsud wa Malta, bingwa wa biliadi mwaka 1979 na wa snuka mwaka 1985 na 1986. Mifsud hatajwi vya kutosha. Nchi yake ni ya visiwa vidogo, na yeye alionyesha kwamba inawezekana miaka ishirini kabla ya Advani.

Kwa nini ni vigumu kucheza vyote viwili?

Kwa sababu macho, mkono na akili hufunzwa vitu vinavyokinzana.

Chukua pigo ambalo mcheza biliadi hulitegemea kuliko yote, lile la nusu mpira. Anaelekeza katikati ya mpira wake kwenye ukingo wa mpira anaougonga, na mpira wake unaachana nao kwa pembe ambayo haibadiliki sana hata akikosea unene kidogo. Pigo hilo ni salama kimaumbile, na biliadi nzima imejengwa juu yake: unautuma mpira wako shimoni huku ukiupeleka mwekundu uzunguke meza na kurudi mahali unapoutaka. Katika snuka mambo yamegeuka. Mpira unaotaka uingie ni ule unaougonga, hivyo kosa la upana wa unywele linaukataa shimoni, na mpira wako mweupe ukiingia umetoa pointi kwa mpinzani. Mcheza biliadi anayehamia snuka lazima auzuie mkono wake kufanya jambo ambalo jana ulisifiwa kwa kulifanya.

Nguvu nazo zinatofautiana. Bingwa wa biliadi hupenda kuikusanya mipira mitatu karibu na kichwa cha meza na kuibembeleza kwa miguso midogo, kanoni moja, mwekundu mmoja, kanoni tena, pointi zikipanda bila mtazamaji kuona kishindo. Snuka hudai pia mapigo marefu ya kukata meza nzima, fimbo ikipita moja kwa moja kwa kasi, halafu mpira mweupe urudishwe nyuma kwa mzunguko.

La mwisho ni kutazama. Katika biliadi unafuatilia mipira yote mitatu kila pigo, maana hakuna mwingine wa kukuokoa. Katika snuka kuna mipira 22, na nusu ya ustadi ni kujua ipi ya kutoijali kwa sasa.

Sasa fikiria Novemba 2017 mjini Doha. Advani alishinda ubingwa wa dunia wa biliadi kwa kumfunga Mike Russell 6–2, kisha mwezi huohuo, mji huohuo, akashinda ubingwa wa dunia wa snuka kwa kumfunga Amir Sarkhosh wa Iran 8–2. Ukiniuliza ni wiki zipi za maisha yake ya mchezo zinazomweleza vizuri zaidi, nitakutajia hizo.

Ushindi wake mkubwa zaidi ni upi?

Wengi husema Leeds, 2009. Ulikuwa ubingwa wa dunia wa biliadi ya kulipwa, na kwenye fainali alikutana na Mike Russell, mtu aliyeutawala mchezo huo kwa kizazi kizima. Alimshinda 2030–1253. Akiwa na miaka 24, tayari alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa wa michezo yote miwili, na sasa akaongeza ubingwa wa kulipwa wa biliadi. Mwaka 2012 alishinda tena Leeds.

Mimi naweka mbele kidogo fainali ya snuka ya Hurghada, Misri, mwaka 2015. Ilikuwa imepita miaka kumi na miwili tangu taji lake la kwanza la snuka ya kawaida, na mpinzani alikuwa kijana wa Kichina wa miaka 18 aliyekuwa akitumbukiza mipira kwa kasi ya kutisha. Advani alishinda 8–6. Habari za kijana huyo ziko kwenye swali la mwisho.

Snuka ya mipira sita myekundu ni nini?

Ni snuka fupi: badala ya myekundu 15 kuna sita tu, kwa hiyo fremu, yaani mchezo mmoja wa snuka, huisha haraka na kosa moja huuma zaidi. Advani alishinda ubingwa wake wa dunia Sharm El Sheikh mwaka 2014, akautetea Karachi mwaka 2015, na akautwaa tena Doha mwaka 2021 kwa kumshinda Babar Masih wa Pakistan.

Ana medali za Michezo ya Asia?

Ndiyo, dhahabu mbili za biliadi: Doha 2006 na Guangzhou 2010. Ile ya Guangzhou ilikuwa dhahabu ya kwanza ya India katika michezo hiyo, na aliipata dhidi ya Nay Thway Oo wa Myanmar, mpinzani aliyekutana naye tena na tena kwenye fainali. Biliadi na snuka ziliondolewa kwenye ratiba ya Michezo ya Asia iliyofuata, mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 29. Ni vigumu kutowaza angeongeza ngapi.

## Kucheza kwa malipo, na kurudi

Aliwahi kuwa mchezaji wa snuka wa kulipwa?

Ndiyo, kwa misimu miwili, kuanzia 2012. Mnamo Februari 2013 alifika robo fainali ya Welsh Open mjini Newport, akiwa Mhindi wa kwanza kufika hatua hiyo katika mashindano yanayohesabiwa kwenye orodha ya viwango vya dunia. Alitolewa na Judd Trump.

Kwa nini aliondoka mwaka 2014?

Alirudisha nafasi yake ili apate kucheza michezo yote miwili na akae zaidi nyumbani India. Mzunguko wa kulipwa wakati huo ulikuwa na mashindano karibu kila wiki, mengi Uingereza na China, na kalenda yake haikungoja mtu anayetaka kwenda kutetea taji la biliadi. Hata mechi za mchujo wa mashindano ya nchi nyingine mara nyingi zilichezwa Uingereza, wiki kadhaa kabla, kwa hiyo mchezaji wa Asia alisafiri mbali ili acheze mechi moja, ashindwe, arudi.

Basi si alishindwa tu?

Swali hili hurudi kila mara jina lake linapotajwa, na linastahili jibu la wazi. Kweli, hakufika Crucible, ukumbi wa Sheffield ambako ubingwa wa dunia wa snuka ya kulipwa huchezwa, na hakuwahi kukaa kati ya wachezaji wa juu wa orodha ya dunia. Anayempima kwa kipimo hicho peke yake atamwona mtu wa kawaida.

Lakini tazama alichofanya mara tu alipoondoka. Mwaka 2014 uleule alishinda ubingwa wa snuka ya mipira sita, mataji yote mawili ya biliadi Leeds, na taji la timu. Mwaka uliofuata akaongeza snuka ya mipira sita, biliadi ya muda mjini Adelaide, na snuka ya kawaida Hurghada. Huyo si mtu aliyeishiwa. Alikuwa amechagua kati ya kuwa mmoja wa wengi katika mchezo mmoja na kuwa wa pekee katika miwili, na matokeo ya miaka kumi iliyofuata yanaunga mkono uamuzi wake. Nasema hivi bila kudharau mzunguko wa kulipwa: mwaka 2013 mwenzake Aditya Mehta alifika fainali ya Indian Open mjini New Delhi na kufungwa na Ding Junhui, na hiyo nayo ilikuwa hatua kubwa kwa nchi yao.

Anapataje riziki kama hachezi kwa malipo?

Ameajiriwa na ONGC, shirika la umma la mafuta na gesi la India. Huo ni utaratibu wa miaka mingi nchini humo: mashirika ya umma huwaajiri wanamichezo, huwapa mshahara na nafasi ya kusafiri, nao hucheza pia katika mashindano ya mashirika hayo. Bila utaratibu huo, mchezo kama biliadi usingebakiza mtu. Bingwa wa Crucible huondoka na pauni 500,000 kwa shindano moja. Zawadi za mashindano ya ridhaa hazikaribii hapo hata kidogo.

## India na biliadi

Kwa nini India ina mabingwa wengi hivi wa biliadi?

Snuka yenyewe ilizaliwa huko. Mwaka 1875, maofisa wa jeshi la Uingereza waliokuwa Jabalpur waliongeza mipira ya rangi kwenye mchezo wao wa meza, na ofisa Neville Chamberlain (si yule aliyekuja kuwa waziri mkuu) ndiye anayetambuliwa kuuanzisha. Kanuni zikaandikwa Ootacamund, kusini mwa nchi. Waingereza walipoondoka, meza zilibaki kwenye klabu, na Wahindi wakaendelea kuzicheza.

Kisha akaja Wilson Jones. Mwaka 1958 mjini Calcutta alishinda ubingwa wa dunia wa biliadi ya ridhaa, na kwa ushindi huo India ikapata bingwa wake wa kwanza wa dunia katika mchezo wowote wa mtu mmoja. Akaurudia mwaka 1964, New Zealand. Baada yake Michael Ferreira alikuwa bingwa mwaka 1977, 1981 na 1983, na mwaka 1978 alipiga breki (pointi za mfululizo kabla ya kukosa) ya 1149, akiwa mchezaji wa ridhaa wa kwanza kupita 1000. Ferreira pia aliikataa nishani ya Padma Shri, akisema bingwa wa dunia wa biliadi anastahili heshima ileile aliyopewa nyota wa kriketi. Mwaka 1983 akapewa Padma Bhushan, nishani iliyo juu ya hiyo. Halafu Geet Sethi, bingwa wa dunia wa ridhaa na wa kulipwa, aliyepiga breki ya 1276 mwaka 1992.

Mtoto aliyeshika fimbo Bengaluru miaka ya tisini hakuhitaji kutafuta mfano wa kuigwa nje ya nchi.

Amepewa heshima zipi na nchi yake?

Tuzo ya Arjuna mwaka 2004, Khel Ratna, ambayo ndiyo tuzo ya juu kabisa ya michezo nchini India, kwa mwaka 2005–06, Padma Shri mwaka 2009 na Padma Bhushan mwaka 2018.

Kama ni bingwa hivi, kwa nini hajulikani sana duniani?

Kwa sababu biliadi ilipoteza watazamaji zamani. Wachezaji wake walifikia ubora uliouchosha umma: mwaka 1932 Mwaustralia Walter Lindrum alipiga breki ya 4137 mfululizo dhidi ya Joe Davis, na mpinzani hana la kufanya wakati huo ila kukaa. Kanuni zikabadilishwa ili kuvunja mifululizo hiyo. Leo, kwa mfano, huruhusiwi kupiga kanoni zaidi ya 75 mfululizo bila kuingiza mpira, na baada ya mapigo 15 mfululizo ya kuingiza lazima upige kanoni. Lakini televisheni ilikuwa imeshaipenda snuka na rangi zake.

## Maswali ya pembeni

Bado anacheza?

Ndiyo. Februari 2025 alitwaa ubingwa wa Asia wa snuka mjini Doha, akimshinda tena Amir Sarkhosh. Aprili mwaka huohuo alifika fainali ya dunia ya biliadi ya muda mjini Carlow, Ireland, akafungwa 725–480 na Sourav Kothari, Mhindi mwenzake ambaye yeye alimshinda kwenye fainali ya Kuala Lumpur mwaka 2022. Upinzani mkali kabisa dhidi yake sasa unatoka nyumbani.

Mbona mwaka 2020 hakuna taji lolote?

Janga la korona lilisimamisha mashindano ya IBSF. Taji lake lililofuata baada ya 2019 ni lile la Doha la Septemba 2021.

Atacheza Olimpiki?

Biliadi na snuka hazimo kwenye Michezo ya Olimpiki, na hazijawahi kuwemo.

Yule kijana aliyemshinda mwaka 2015 ndiye Zhao Xintong wa Crucible?

Ndiye huyohuyo. Zhao alikuja kushinda UK Championship mwaka 2021. Baadaye alifungiwa katika sakata la upangaji wa matokeo lililowakumba wachezaji kadhaa wa China, akaitumikia adhabu yake hadi Septemba 2024. Aliporudi hakuwa na nafasi kwenye mzunguko wa kulipwa, kwa hiyo alikuwa mchezaji wa ridhaa. Akapita hatua zote za mchujo, akamfunga Ronnie O'Sullivan 17–7 katika nusu fainali, na mwezi Mei 2025 akamfunga Mark Williams 18–12. Ni bingwa wa kwanza wa dunia wa Crucible kutoka Asia, na wa kwanza kuutwaa akiwa mchezaji wa ridhaa.

Je, hiyo inamaanisha Advani naye angeweza? Hapana, matokeo ya fainali moja hayasafiri hivyo. Zhao wa Hurghada alikuwa na miaka 18 na miaka kumi ya kukua mbele yake. Advani alikuwa na 30 na ameshapiga maelfu ya kanoni ambazo Zhao hakuzihitaji kamwe. Kinachothibitishwa ni kidogo zaidi, nacho kinatosha: taji la ridhaa la 2015 halikuwa la wachezaji waliobaki nyuma. Aliyeshindwa siku ile 8–6 alikuwa bingwa wa dunia ajaye.